Dawa isiishe: mwongozo kamili kwa vijana wa Tanga wanaodai huduma bora za afya na afya ya akili

Mdogo wangu alianguka mara ya kwanza akiwa darasa la tano, mbele ya wenzake wote. Nyumbani tukasema ni mashetani. Akasomewa, akanyweshwa kombe, akapungwa, na bado akawa anaanguka, mpaka muuguzi mmoja wa mtaani kwetu alipomwambia mama: "Dada, mtoto ana kifafa, na kifafa kina dawa." Dawa zikamsaidia kweli. Ndipo likaja tatizo la pili, lililonifanya niandike mwongozo huu: tulikuwa tukifika zahanati tunaambiwa dawa zimekwisha, tukanunue dukani. Wiki moja mama hakuwa na hela. Mdogo wangu akaangukia jiko la mkaa, na kovu la mkononi analo mpaka leo.

Nilikwenda pale zahanati kupiga kelele. Mhudumu aliyekuwa zamu alinisikiliza, akanijibu kwa upole kwamba yeye hana la kufanya. Alisema kweli. Ilinichukua miezi mingi kujua nani ana uwezo wa kufanya jambo, anakaa kikao gani, na kikao hicho ni lini. Nataka wewe uyapate hayo kwa siku moja.

Mifano yangu ni ya Tanga mjini. Ukiwa Muheza, Pangani, Mkinga au Korogwe, majina ya kamati yatabadilika kidogo, njia ni ile ile.

Chagua kitu kimoja chenye jina

Vijana wengi tunaanza na bango: "Afya ya akili ni haki." Ni kweli tupu, lakini mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, hawezi kuiingiza sentensi hiyo kwenye mpango wa zahanati. Kitu anachoweza kukiingiza ni kama hivi: dawa za kifafa zisikosekane hata mwezi mmoja. Mratibu wa afya ya akili aje kituo cha afya cha kata siku moja kila mwezi. Kipatikane chumba chenye mlango unaofungwa, ili binti mwenye jambo lake aliseme bila foleni nzima kusikia.

Jipime kwa swali moja. Mwakani, tarehe kama ya leo, utaweza kusema "ndiyo, kimefanyika" au "hapana, hakijafanyika"? Kama jibu litakuwa "inategemea", dai lako bado halijaiva.

Shirika la Afya Duniani linasema nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya mtu kufika miaka 14 hivi, na kwamba kwa wastani serikali duniani hutenga takriban asilimia 2 tu ya bajeti ya afya kwa ajili ya afya ya akili. Ugonjwa unaanza utotoni, fungu lake ni dogo. Ndiyo maana nasisitiza dai dogo lenye jina: kwenye fungu dogo, jambo lisilotajwa halipati kitu.

Sisi tulichagua dawa mbili za kifafa, fenobabitoni na kabamazepini, kwenye zahanati moja. Wapo waliotuuliza kifafa kinahusianaje na afya ya akili. Ni ugonjwa wa ubongo, lakini kwetu wagonjwa wake huhudumiwa kwenye kliniki ya afya ya akili, kwa hiyo dawa zake na za sonona au za skizofrenia hupita mlango mmoja. Ukiufungua kwa ajili ya mmoja, wengine nao wanapata nafuu.

Jua mlango wa kubisha

Sehemu hii isome taratibu, maana hapa ndipo kampeni nyingi hupotelea.

Zahanati na vituo vya afya vya serikali viko chini ya halmashauri. Kila kituo kina kamati ya usimamizi ambayo ndani yake wamo wawakilishi wa wananchi wa kawaida. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, sehemu ya fedha za uendeshaji huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo chenyewe, na kamati hiyo ndiyo inayokaa na mganga mfawidhi kupitisha mpango wa matumizi. Watu wengi wa mtaa wetu hawakujua kama kamati ipo. Mjumbe mmoja tulikuwa tunakunywa naye kahawa baraza moja kila jioni, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Sasa dawa. Kituo huagiza Bohari ya Dawa, yaani MSD. MSD ikiwa haina, kituo hupewa taarifa kwamba dawa haipo, kisha kinaweza kununua kwa mshitiri, muuzaji binafsi aliyeingia mkataba wa kuviuzia dawa vituo vya umma. Mfumo huo ulianzia Dodoma mwaka 2014, baadaye ukaenea nchi nzima. Kwa hiyo ukiambiwa "dawa zimekwisha", neno hilo linaweza kuwa na maana tatu. Huenda dawa hazikuagizwa, au ziliagizwa chache. Huenda ziliagizwa, MSD haikuwa nazo. Au MSD haikuwa nazo na kituo hakikwenda kwa mshitiri, labda kwa kukosa fedha, labda kwa sababu hakuna aliyelifuatilia.

Maana ya kwanza inamalizwa na mganga mfawidhi na kamati yake. Ya pili iko juu ya kituo, ipeleke kwa mfamasia wa halmashauri. Ya tatu ni suala la fedha, nalo linaamuliwa wakati wa kupanga bajeti. Usiandike barua kabla ya kujua shida yenu ni ipi kati ya hizo. Sisi tulikuwa na hakika kwamba kosa ni la MSD. Tulipouliza vizuri, tukakuta dawa zilikuwa zinaagizwa kwa idadi ya wagonjwa ya zamani, wakati wagonjwa wameongezeka. Hakuna mtu aliyekuwa mbaya. Hesabu ilikuwa ya zamani.

Juu ya kituo yupo Mganga Mkuu wa Jiji na timu yake, ambamo yumo mratibu wa afya ya akili. Mtafute huyo mapema. Mara nyingi anabeba kazi kubwa kwa mikono mitupu, na atafurahi kupata watu wanaoidai kutoka nje ya ofisi. Mipango ya vituo huunganishwa kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa halmashauri, nao hufika kwa madiwani. Kwenye jiji kamati inayohusika ni ya Huduma za Uchumi, Afya na Elimu. Kwenye halmashauri ya wilaya ni ya Elimu, Afya na Maji. Mwisho wake ni Baraza la Madiwani.

Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu, ni habari nyingine. Iko chini ya Wizara ya Afya, si chini ya halmashauri. Lalamiko la Bombo ukilipeleka kwa diwani peke yake utazungushwa bure. Anza na ofisi ya Mganga Mfawidhi wa hospitali au kitengo cha huduma kwa wateja, au piga 199, namba ya bure ya Wizara.

Na ukikutana na mtu anayesema mambo ya afya ya akili yameletwa juzi na simu, mkumbushe hospitali ya Lutindi. Iko milimani Usambara, wilayani Korogwe. Ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na tangu 1904 inauguza wagonjwa wa akili. Mkoa huu una zaidi ya karne moja katika kazi hiyo.

Kusanya sauti, kwa adabu

Kabla ya kwenda nyumba kwa nyumba, mwone mtendaji wa mtaa na mwenyekiti, waeleze, waachie barua fupi. Ukiwaruka, siku ya kwanza tu utaulizwa umetumwa na nani.

Kisha tafuteni familia 20 au 30 zinazouguza. Maswali yawe machache. Mnatumia nauli kiasi gani kufika kliniki? Mara tatu za mwisho, dawa mlizikuta? Mlipozikosa mlifanya nini, na mgonjwa alikuwaje? Usiulize jina la ugonjwa kama mwenyewe hajalitaja. Usiandike jina la mtu wala namba ya nyumba. Andika "familia ya 7". Taarifa za afya ni siri ya mwenyewe, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayosema hivyo.

Msiite kazi hiyo utafiti, wala msitangaze asilimia za kata nzima. Utafiti na takwimu vina taratibu zake na vibali vyake. Semeni tu kilichopo: "Tumezungumza na familia 26. Familia 19 zilikosa dawa angalau mara moja katika mara tatu za mwisho." (Namba hizo ni za mfano, wekeni zenu.) Sentensi kama hiyo hakuna anayeweza kuibishia, na ina nguvu kuliko kurasa kumi za hasira.

Mkihitaji taarifa za ofisi, kwa mfano kiasi cha fedha kilichotengwa, ombeni kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 30 kujibu. Itajeni kwa upole mwishoni mwa barua. Inatosha.

Ombi langu kubwa: wenye ugonjwa wawe ndani ya kundi, si picha ya kwenye tangazo. Kundi letu lilikuwa la watu sita, wawili wao wanatumia dawa wenyewe. Mmoja alinifundisha kuacha neno "kichaa" hata kwa utani, na nilikuwa nalitumia kila siku bila kulisikia. Msimpige picha mtu aliyezidiwa, wala aliyefungwa kamba nyumbani kwao, hata kama mnaamini itawagusa watu. Siku atakapopona picha itakuwa bado ipo.

Wazee, mashehe na waganga

Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwetu mengi hufichwa kwa heshima ya familia. Kijana wa miaka 20 hawezi kuuvunja ukimya huo kwa kipaza sauti. Mzee anaweza, kwa sentensi moja.

Nendeni kwa imamu baada ya swala ya Isha, wakati ana nafasi. Salimieni, kaeni, msikimbilie jambo lenu. Msimwambie kwamba kusomewa ni ujinga. Ulizeni kama ataweza kusema kwenye mawaidha kwamba mgonjwa asomewe na dawa anywe. Mtume alihimiza watu kutafuta tiba, na mashehe wanalijua hilo kuliko sisi. Kwa wachungaji na mapadri mwendo ni huo huo.

Mganga wa kienyeji wengi humkwepa. Mimi nasema mwendeeni. Familia nyingi zitaanzia kwake mpende msipende. Makubaliano yawe mawili tu: asimwachishe mgonjwa dawa za hospitali, na asimfunge wala kumpiga. Mmoja tuliyemtembelea alituambia, "Wanangu, anayeanguka na kutoa povu mimi simwezi, niambieni nimpeleke wapi." Tulikuwa tumejiandaa kubishana naye.

Shuleni, anzeni na mkuu wa shule kwa barua, kisha mwalimu wa malezi na unasihi. Kwa vijana walio nje ya shule, kijiwe cha bodaboda na mapumziko ya mechi ya ndondo vinafaa kuliko ukumbi. Dakika tano, jambo moja. Na Tanga tusione haya kuzungumza habari ya unga, yaani dawa za kulevya. Anayetumia naye ni mgonjwa anayehitaji kliniki, na mama yake yumo kwenye foleni ile ile ya mama yangu.

Kalenda ndiyo nguvu yenu

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Lakini anayekwenda kudai mwezi Juni amechelewa, mambo yamekwisha kuandikwa. Vipaumbele vya mitaa na mipango ya vituo huandaliwa kati ya Oktoba na Desemba. Januari na Februari halmashauri hupitisha bajeti yake. Kuanzia Aprili ni zamu ya Bunge.

Sasa tazama: Siku ya Afya ya Akili Duniani ni 10 Oktoba. Kila mwaka watu hutumia michango yao kwa fulana na matembezi, na tarehe 11 wote wamelala. Siku hiyo imeangukia mwanzoni kabisa mwa msimu wa mipango! Fanyeni hafla ndogo, mwalikeni diwani, mratibu na kamati ya kituo, na hapo hapo mkabidhi barua mbele ya watu. Ikiwa mnataka matembezi au mkutano wa hadhara, taarifa ya maandishi imfikie mkuu wa polisi wa wilaya si chini ya saa 48 kabla. Msivae rangi za chama chochote.

Kwa hiyo Agosti undeni kundi. Septemba kusanyeni sauti. Oktoba barua. Novemba ombeni nafasi kwenye kikao cha kamati ya kituo na Kamati ya Maendeleo ya Kata. Januari mkumbusheni diwani kabla ya kamati yake kukaa.

Barua ya ukurasa mmoja

Hii ndiyo tuliyotumia, nimeondoa majina.

"Kwa Mganga Mfawidhi na Mwenyekiti wa Kamati ya Usimamizi. Nakala: Mtendaji wa Kata, Mheshimiwa Diwani, Mratibu wa Afya ya Akili.

YAH: OMBI LA KUONGEZA KIASI CHA DAWA ZA KIFAFA KATIKA MPANGO WA MWAKA UJAO

Sisi ni vijana wakazi wa kata hii. Tunawashukuru watumishi wa kituo kwa kazi yao. Mwezi Septemba tulizungumza na familia … zinazouguza. Familia … zilikosa dawa angalau mara moja katika mara tatu za mwisho. Tunaomba: (1) kiasi kinachoagizwa kilingane na idadi ya wagonjwa wa sasa, (2) MSD ikikosa dawa, zinunuliwe kwa mshitiri ndani ya wiki mbili, (3) hali ya dawa hizi itajwe katika kila kikao cha kamati. Tunaomba nafasi ya dakika kumi katika kikao kijacho. Tuko tayari kuwakumbusha wagonjwa tarehe za kliniki ili hesabu iwe sahihi."

Sentensi ya mwisho msiiache. Mkiingia na kitu mkononi, mnapokelewa kama wenzao. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa haijafika popote.

Ndani ya kikao

Nendeni watatu. Mmoja aseme, mmoja aandike, mmoja awe mtu anayeuguza au mgonjwa mwenyewe kama ameridhia. Shikamoo kwa wakubwa, kisha "Mheshimiwa Mwenyekiti" mpaka mwisho. Msimtaje mtumishi kwa jina hata kama alikukosea. Mkimvunjia heshima mbele ya bosi wake, wenzake wote watafunga milango. Mkiambiwa "tumelipokea", ulizeni kwa adabu: ni nani atalifuatilia, na turudi lini? Andikeni jibu mbele yao. Mkiahidiwa posho, kataeni. Nauli tulichangishana wenyewe na kila shilingi iko daftarini.

Redio na simu

Redio za hapa mjini zina vipindi vya asubuhi vinavyotafuta wageni. Nendeni na mratibu au muuguzi, ili msikilizaji akiuliza dawa, ajibu mwenye taaluma. Mitandaoni andikeni mliyo na hakika nayo tu. Habari ya mtu aliyejiua msieleze alivyofanya, msiweke picha, msitaje sababu moja kana kwamba ndiyo yote. Malizieni kwa kusema msaada unapatikana wapi.

Mtu akikujia

Hili halimo kwenye miongozo mingi, nalo litakutokea. Ukisimama mara moja kuzungumzia afya ya akili, usiku wake simu italia. Mwanafunzi mwenzako, au mtu usiyemjua, atakwambia amechoka kuishi.

Msikilize, usimhubirie. Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo, mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Akijibu ndiyo, usiahidi siri. Usimwache peke yake, tafuta mtu mzima anayemwamini, ondoeni karibu naye chochote cha kujidhuru, na mwende naye kituo cha afya au Bombo usiku huo huo. Akiwa mtoto, namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni ya bure. Wewe si daktari na hutakiwi kuwa. Kabla ya kuanza kampeni, kaeni na mratibu mkubaliane mtu wa namna hiyo apelekwe kwa nani. Na nyinyi wenyewe mkutane kila wiki kuulizana hali, bila ajenda.

Familia nyingi huchelewa kwa sababu ya polisi. Kanuni ya Adhabu inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya nao walikuwa na kifungu kama hicho. Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilisema kinapingana na katiba, baada ya kesi iliyofunguliwa na tume ya haki za binadamu, madaktari wa magonjwa ya akili na mtu mwenye uzoefu wa ugonjwa wenyewe. Kukifuta kifungu chetu nacho ni dai la kumpelekea mbunge, nami nalitaka kwa moyo wote. Ila kundi jipya lisianzie hapo. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Julai

Bajeti ikipita, msilale. Julai nendeni kwenye kikao cha kamati na nakala yenu yenye muhuri, mkaulize: kiasi kipya kimeagizwa? Kimeingia? Kisha kila mwezi mmoja wenu asimame dirisha la dawa siku ya kliniki, aulize wagonjwa wanaotoka, aweke alama daftarini: amepata, hajapata. Kwetu, mwaka wa kwanza dawa zilikosekana mara mbili badala ya kila mara. Mara ya pili ya kukosekana, mganga mfawidhi mwenyewe ndiye aliyenipigia simu kabla sijaenda, akaniambia kwa mshitiri zitafika Alhamisi. Zilifika Ijumaa.

Kliniki ijayo ni Jumanne. Mama na mdogo wangu wataondoka saa moja asubuhi, na safari hii daftari atalishika yeye mdogo wangu. Yuko kidato cha pili sasa, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.